Thabeet, Azimio la Musoma na Mtoto wa Kipili: Historia Fupi ya Kuchagua Tusiowajua

Tarehe 25 Juni 2009, jijini New York, kijana wa Dar es Salaam aitwaye Hasheem Thabeet alitajwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ule ambao magazeti yetu huuita drafti. Memphis Grizzlies walimchukua kabla ya James Harden, aliyetajwa wa tatu, na kabla ya Stephen Curry, aliyetajwa wa saba. Harden alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018. Curry alipata heshima hiyo mara mbili, 2015 na 2016, na akabadili namna mchezo wenyewe unavyochezwa. Thabeet alicheza michezo 224 kwa wastani wa pointi 2.2, na baada ya msimu wa 2013/14 hakucheza tena katika ligi hiyo.

Watanzania tumeizoea habari hii kwa sura mbili. Ya kwanza ni ya fahari: Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Ya pili ni ya dhihaka, kwamba kijana alipewa nafasi akaipoteza. Sura zote mbili zinamtazama aliyechaguliwa na kuwaacha pembeni waliochagua. Mimi napendekeza tuwatazame hao, kwa sababu kazi waliyokuwa wakiifanya usiku ule ndiyo kazi ambayo dola letu limekuwa likiifanya kwa watoto wa nchi hii tangu kabla ya Uhuru: kukadiria kijana atakuwa nani, na kugawa nafasi chache kwa kutegemea makadirio hayo.

Waliomchagua Thabeet hawakuwa wajinga. Walikuwa na ushahidi wa misimu mitatu katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka ule wa 2009 alikuwa mmoja wa wachezaji wawili waliogawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East, na alikuwa ametambuliwa kuwa mlinzi bora wa ligi hiyo kwa miaka miwili mfululizo. Alikuwa na urefu wa sentimita 221. Urefu ni jambo la kweli, hupimwa kwa futi na haubishaniwi. Ugumu ulikuwa katika yale yasiyopimwa kwa futi. Kijana huyu alianza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, na vyuoni alikutana na wapinzani ambao wengi wao aliwazidi kimo kwa mbali. Kipimo kilionyesha alivyokuwa mbele ya wapinzani wale. Hakikuonyesha angekuwa nani mbele ya wapinzani wengine.

Kisha kuna suala la mahali alipopelekwa. Memphis tayari walikuwa na mtu katika nafasi yake, Marc Gasol wa Hispania. Gasol huyo alikuwa ametajwa wa 48 katika uteuzi wa mwaka 2007, na timu iliyomchagua ilimtoa kwa Memphis kabla hajaichezea. Mwaka 2013 akawa mlinzi bora wa ligi nzima. Kwa hiyo kijana aliyetajwa wa pili alikaa benchi akimtazama mtu aliyetajwa wa 48. Katika msimu wake wa kwanza alishushwa kwa muda hadi ligi ya maendeleo, na mwaka 2011 akauzwa Houston. Kama angepelekwa kwenye timu iliyomhitaji na kumvumilia, tungekuwa na historia nyingine? Hakuna takwimu inayoweza kujibu swali hilo, na hilo lenyewe ni funzo. Matokeo ya mtu hayatoki kwake peke yake. Yanatoka pia kwa aliyempokea.

Tusidhani kwamba ni udhaifu wa mchezo mmoja. Katika mpira wa Kimarekani, mchezaji anayechunguzwa kuliko wote ni yule anayeongoza mashambulizi na kutupa mpira. Hupimwa mbio, urefu, nguvu ya mkono, hata majibu yake katika mahojiano. Mwaka 1998 wataalamu walibishana nani awe wa kwanza, Peyton Manning au Ryan Leaf. Manning alitajwa wa kwanza na Leaf wa pili. Manning akawa miongoni mwa wakubwa wa mchezo huo, na Leaf akatoweka uwanjani baada ya miaka michache. Mwaka 2000 timu zote, pamoja na ile iliyomchukua hatimaye, zilimruka Tom Brady raundi baada ya raundi hadi alipotajwa wa 199. Akashinda ubingwa mara saba. Haya yalitokea katika biashara yenye fedha nyingi, wapimaji wa kulipwa, na kila sababu ya kutaka kupatia.

Lakini kuna jambo moja ambalo wachezaji hawa wamepewa na watoto wetu hawapewi. Tunajua kwamba uteuzi wa 2009 ulikosea kwa sababu Curry, ingawa alirukwa na timu kadhaa, alicheza. Tunajua kuhusu Brady kwa sababu mtu wa 199 naye alipewa jezi. Aliyerukwa alibaki ndani ya uwanja, akapata nafasi ya kuwakosoa waliomruka. Je, mfumo ambao anayerukwa hutolewa nje kabisa utayajuaje makosa yake?

Naandika haya nikiwa Kipili, wilayani Nkasi, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, chini ya uwanda wa juu wa Ufipa. Hapa watu huishi kwa dagaa na migebuka, na barabara ya kwenda Namanyere na Sumbawanga hupanda milima. Hapa mtoto asiyechaguliwa huonekana kila siku, kwa sababu yuko mtumbwini. Isipokuwa hakuna anayemwona kama swali. Anaonekana kama jibu: alifanya mtihani, hakufaulu, basi.

Mwambao huu una historia inayopaswa kututia shaka juu ya majibu ya haraka namna hiyo. Kaskazini ya Kipili, huko Karema, ndiko alikofanya kazi Adrien Atiman. Alizaliwa katika nchi za Mto Niger, akatekwa utotoni, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa. Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadri Weupe, walimkomboa huko Algeria. Kardinali Lavigerie alikuwa na mpango wa kuwafundisha utabibu vijana wa Kiafrika waliokombolewa, na mwaka 1881 akafungua taasisi kisiwani Malta kwa ajili hiyo. Atiman alisoma huko, akaletwa Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, na akatibu watu wa mwambao huu hadi uzee wake. Alifariki mwaka 1956, baada ya zaidi ya miaka 65 ya kazi.

Mpango wa Malta wenyewe haukudumu. Ulifungwa mwaka 1896, na aliyeutathmini siku ile angeweza kusema umeshindwa. Wakati huo Atiman alikuwa na miaka michache tu Karema, na miaka sitini ya utumishi ilikuwa bado mbele yake. Nani, akimtazama mtoto yule sokoni, angeandika mbele ya jina lake neno “tabibu”? Na je, ni wangapi waliouzwa pamoja naye, wenye uwezo kama wake, ambao hawakukombolewa na hivyo hawakuandikwa popote? Tunamjua Atiman kwa sababu mlango ulimfungukia, na kwa bahati tu.

Taifa huru halikutaka kuishi kwa bahati. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alieleza bila kuficha kwamba ni takriban asilimia 13 tu ya watoto wanaomaliza shule ya msingi wangepata nafasi ya sekondari. Hoja yake haikuwa kwamba hiyo asilimia 13 imechaguliwa vibaya. Hoja yake ilikuwa kwamba elimu iliyopangwa kwa ajili ya wachache huwafanya walio wengi wajione wameshindwa, na wachache wajione wa daraja jingine.

Miaka saba baadaye, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Azimio la Musoma hukumbukwa zaidi kwa kuharakisha elimu ya msingi kwa wote. Lakini lilikuwa na sehemu ya pili inayohusu hoja yetu moja kwa moja. Liliamua kwamba kijana asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Afanye kazi kwanza, kisha apendekezwe na waliofanya naye kazi na tawi la Chama. Kwa maneno mengine, nchi ilikiri kwamba mtihani peke yake haumjui mtu, na ikatafuta ushahidi wa mtu akiwa kazini.

Wazo hilo lilikuwa sahihi kuliko wanavyokubali wakosoaji wake. Lilifungua mlango kwa watumishi wakubwa kiumri ambao mtihani ulikuwa umewatupa nje. Lakini chombo kilichotumika kilikuwa na kasoro zake. Barua ya tawi ilipima uaminifu kwa tawi, na mara nyingine uhusiano na katibu wake. Na sharti la miaka ya kazi liliwaangukia wasichana vibaya zaidi, kwa kuwa miaka hiyo ndiyo miaka ya kuolewa na kulea. Idadi ya wanawake chuoni ilishuka kiasi kwamba baada ya muda mfupi waliondolewa katika sharti hilo. Katikati ya miaka ya 1980 wanafunzi wakaruhusiwa tena kuingia moja kwa moja kutoka shuleni.

Tulichokifanya baada ya hapo ndicho ninachokilalamikia. Tulipoacha kipimo kibaya cha Musoma, tuliacha pia swali zuri la Musoma. Tukarudi kuuamini mtihani kana kwamba swali halijawahi kuulizwa. Hivi leo matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa, tunabishana juu ya shule bora na mikoa ya mwisho. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: waliopata sifuri mwaka ule, wako wapi baada ya miaka kumi?

Mtumishi wa umma atanijibu kwamba nafasi ni chache na lazima mtu achaguliwe. Nakubali. Sipingi kuchagua. Ninachosema ni kwamba mfumo wa haki haupimwi kwa usahihi wa uteuzi wake pekee, kwa sababu usahihi huo hata matajiri wa Marekani umewashinda. Unapimwa kwa namna unavyomtendea aliyerukwa. Je, anaweza kurudi? Je, kuna anayehesabu waliorudi na kufanikiwa, ili tuujue ukubwa wa kosa letu?

Milango ya kurudia ipo, na baadhi ina historia ya heshima. Upo Mtihani wa Maarifa kwa asiyepitia sekondari ya kawaida. Ipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, wanaweza kurudi shuleni. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inaifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, na hivyo kumwondoa mtoto katika hukumu ya darasa la saba. Haya ni mambo makubwa. Lakini mlango ulioandikwa katika waraka wa Dodoma haujawa mlango kwa kijana wa Kipili mpaka awepo mtu katika kata yake wa kumwambia upo, unagharimu kiasi gani na unaanzia wapi.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa halmashauri ni dogo. Kila kata iwe na daftari la walioacha na waliorukwa, si la kuwashtaki wazazi wao, bali la kuwafuata. Baada ya miaka mitano lisomwe hadharani, katika mkutano wa kijiji: nani alirudi, nani alijifunza ufundi, nani tulimwacha. Wanafunzi wangu wa historia wanajua kwamba kumbukumbu huhifadhiwa na wenye nafasi. Daftari hilo lingekuwa kumbukumbu ya kwanza ya makosa yetu ya kuchagua, na lingetufundisha unyenyekevu ambao Memphis Grizzlies waliulipia kwa fedha nyingi.