Kunusa gundi na moyo (Kisumu)
Kunusa gundi ni kuvuta mvuke wa gundi ya viatu, kwa pua au mdomo, ili kulewa. Mjini Kisumu huonekana zaidi kwa watoto na vijana wa mtaani, kwenye stendi ya mabasi na masokoni: chupa ndogo ya plastiki yenye gundi ya manjano kidogo tu chini, shingo yake imebanwa kwa meno ili mikono ibaki huru kuokota vyuma chakavu. Mvuke huo husahaulisha njaa na baridi. Ndiyo maana mahubiri matupu hayafui dafu.

Wengi huuhofia ubongo, moyo wakausahau. Toluini, kiyeyusho kilichomo katika gundi nyingi za aina hii, huufanya msuli wa moyo uitikie adrenalini kupita kiasi. Mtoto akishtuka, akipigana au akikimbizwa na kanjo (askari wa jiji), mapigo huweza kuvurugika, vyumba vya chini vya moyo vikatetemeka bila kusukuma damu, na kifo kikaja kwa dakika chache. Hata anayenusa mara ya kwanza anaweza kufa hivyo. Mwaka 1970 daktari Millard Bass alichapisha taarifa ya vifo 110 vya ghafla vya wanusaji wa mvuke wa kemikali mbalimbali, wengi wao vijana, nchini Marekani.

Kwa hiyo aliyelewa gundi hakimbizwi wala hafokewi. Hutulizwa na kupelekwa penye hewa safi. Akizimia na kuacha kupumua, kifua chake hubonyezwa mfululizo huku msaada ukiitwa, na wahudumu wa hospitali huambiwa mapema kwamba amenusa gundi.