Njia ya Chuoni, Fupi na Ndefu

Vijana wengi wa Kirumba hudhani ya kuwa kuingia chuoni baada ya kidato cha 4, pasipo kupita cha 5 na cha 6, ni njia ya mkato iliyozuka juzi. Sivyo. Zamani hiyo ndiyo iliyokuwa njia kuu.

Makerere ilianzishwa mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi, ikakua hata ikawa chuo cha Afrika Mashariki yote. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, mwanafunzi aliweza kushuka garini hapa, akapanda meli na kuvuka ziwa mpaka Uganda. Katika miaka ya 1940 hakudaiwa kidato cha 6, maana shule za Tanganyika hazikuwa nacho. Alimaliza darasa la 12 akaenda. Hata Makerere ilipofungamana na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, miaka 2 ya matayarisho ilisomwa chuoni kwenyewe, ndipo ikafuata ya shahada. Karibu na uhuru matayarisho hayo yakahamishiwa shuleni, yakawa kidato cha 5 na cha 6.

Julius Nyerere alipita njia ile fupi. Aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, naye ana miaka 12. Masomo ya miaka 4 akayamaliza kwa 3. Akaenda Tabora mwaka 1937 na Makerere mwaka 1943. Basi, mwezi Novemba 1974, yeye akiwa Rais, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma iyo hiyo, ikaamua kuirefusha njia: amalizaye kidato cha 6 alitumikie kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi miaka isiyopungua 2, apate na ushuhuda wa mwajiri na wa chama, ndipo aombe chuo kikuu.

Kusudi lilikuwa jema, yaani msomi asimdharau mkulima. Lakini mzigo ulimwelemea msichana, kwa kuwa katika miaka ya kungoja wengi huolewa na kuzaa. Hesabu ya wanawake chuoni ikashuka, hata baada ya miaka michache tu ikabidi wao wasamehewe kungoja.

Siku hizi aliyefaulu kidato cha 4 aweza kusomea stashahada ya utabibu, au ya uvuvi hapo Nyegezi. Lakini na ahesabu vema! Stashahada kwa kawaida ni miaka 3, na kidato cha 5 na cha 6 ni miaka 2. Atakaye shahada amejiongezea mwaka; atakaye kazi ameshaipata njia yake. Mvuvi wa Mwaloni mwenye wavu mmoja na watoto sita huchagua kazi, nami simlaumu.