StarCraft Ndiyo Ngumu Zaidi, Sawa. Lakini Ngumu na Tamu ni Vitu Viwili

Hii bishano imenichosha sasa. Ukitaja gemu za mkakati mbele ya watu watatu, wa kwanza atasema StarCraft ndiyo baba yao. Wa pili atasema Age of Empires II. Wa tatu, yule mpole wa kukaa peke yake na kikombe cha chai, atasema Civilization. Na kila mtu anapima na rula yake. Wa StarCraft anahesabu kasi ya vidole, wa Civilization anahesabu masaa aliyokaa, wa Age anakuambia tu "wololo" halafu anacheka.

Yangu naweka mezani mapema. StarCraft ya 1998 ndiyo ngumu kuliko hizo zingine, na sioni haja ya kubishana hapo. Lakini ugumu ni bei, na bei yenyewe inalipwa kwa masaa ya maisha yako. Kwa hivyo kabla uniambie gemu gani ni ya akili, niambie kwanza ni nani alikuwa amekaa kwa hiyo kiti, na alikuwa na masaa mangapi ya kulipa.

Mizizi kidogo. Mwaka wa 1991, huko Marekani, Sid Meier na Bruce Shelley wa kampuni ya MicroProse walitoa Civilization. Hiyo ni gemu ya zamu, kama drafti: unacheza, mwenzako anacheza, na hakuna mtu anakukimbiza. 1992 Westwood Studios wakatoa Dune II, na hapo zamu zikaisha. Unachimba mali, unajenga kambi, unatuma jeshi, na kompyuta inafanya hivyo hivyo dakika hiyo hiyo bila kukungoja. Warcraft ya 1994 na Command & Conquer ya 1995 zilifuata njia hiyo. Shelley naye alienda Ensemble Studios akasaidia kutengeneza Age of Empires ya 1997. Kama umewahi kucheza Age ukahisi ni kama Civilization iliyokunywa kahawa, sasa unajua ni kwa nini. Ni ukoo mmoja.

Sasa StarCraft. Ilitoka Machi 1998. Shika hiyo tarehe. Miezi michache tu kabla, mwishoni mwa 1997, uchumi wa Korea Kusini ulikuwa umeingia shimoni, nchi ikakopa IMF, makampuni yakafuta watu. (Mkenya aliyebeba bango 2024 hahitaji kuelezwa IMF ni nini.) Serikali yao ikasukuma intaneti ya kasi kila mahali. Wengine waliopoteza kazi wakafungua PC bang, yaani saiba za kucheza gemu, unalipa kwa saa. Vijana hawakuwa na kazi, pesa ilikuwa kidogo, na saa moja ya PC bang ilikuwa starehe ya bei rahisi. Gemu iliyokuwa mpya wakati huo, inayowezesha watu wawili kumalizana kwa mtandao, ilikuwa StarCraft.

Mnaona? Hakuna aliyeketi chini akaichagua kwa sababu ni ngumu. Ilipata taifa zima la watu wenye masaa. Ugumu wake ulikuwa na mahali pa kukaa.

Na hapo ikalipuka. Mwaka wa 2000 kulikuwa na chama rasmi, KeSPA, na stesheni ya TV ya gemu peke yake, OnGameNet. Lim Yo-hwan, yule wa jina BoxeR, akawa staa. 2004 fainali ya ligi ya timu ilifanyiwa ufukweni Gwangalli, mji wa Busan, na waliohudhuria walikadiriwa kufika 100,000. Hao watu Kasarani haiwezi kuwabeba. Na walikuja kutazama watu wakibonyeza kibodi.

Ugumu wenyewe ni upi? Watu hudhani ni hesabu kali za kijeshi kichwani. Kidogo tu. Ugumu wa StarCraft ya kwanza uko kwa mkono na kwa jicho. Unaweza kushika wanajeshi 12 tu kwa wakati mmoja. Jeshi lako linaweza kuwa kubwa mara kadhaa, kwa hivyo shambulizi moja unaliendesha vipande vipande. Kila mfanyakazi mpya anayezaliwa, lazima wewe mwenyewe umtume kuchimba, la sivyo atasimama hapo kama mtu anangoja matatu ya mwisho. Majengo nayo unabonyeza moja moja. Wachezaji wa Korea walikuwa wakifanya vitendo zaidi ya 300 kwa dakika, na hata hao hawakumaliza kila kitu.

Hiyo "hawakumaliza" ndiyo utamu, na ndiyo kitu watu hawasemi. Kwa vile hakuna binadamu anaweza kufanya yote, mchezaji mzuri ni yule anajua ni nini cha kuacha kiharibike. Jeshi lako linapigana kaskazini, kambi ya kusini imesimama, wafanyakazi wanavamiwa. Jicho lako ni moja. Unaliweka wapi? Drafti haina hiyo kitu. Mzee wa stage akiweka kifuniko cha soda mahali pabaya, ni kwa sababu hakuona vizuri, na vifuniko vyote vilikuwa mbele yake muda wote. Kwa StarCraft unaweza kujua kabisa kitu sahihi cha kufanya na bado ukapigwa, kwa sababu mkono ulikuwa kwingine.

StarCraft II ilipotoka Julai 2010, Blizzard wakalainisha mengi ya hayo. Shika jeshi lote mara moja. Wafanyakazi wanaenda kuchimba wenyewe. Ukinipa karatasi nikuandikie gemu gani imetengenezwa vizuri zaidi, nitaandika ya pili. Ni safi, haraka, na inapendeza macho. Lakini ilipowaondolea wachezaji kazi ya mkono, ile hatari ya jicho moja ikapungua, na vita vikawa vya sekunde kumi: majeshi mawili makubwa yanagongana, moja linayeyuka, kwisha. Wakorea wengi walirudi kwa ile ya zamani, na 2017 Blizzard wenyewe wakaitoa upya kama StarCraft: Remastered.

Kuna ushahidi mwingine wa hii story ya mkono. Januari 2019 DeepMind walionyesha AlphaStar, programu yao iliyokuwa imewapiga wachezaji wawili wa kulipwa wa StarCraft II, mechi tano kwa tano, kumi kwa sifuri. Watu wakashtuka. Kisha wakaangalia vizuri. Ile programu ilikuwa inaona ramani yote bila kusogeza kamera kama binadamu, na vita vikichacha ilibonyeza kwa usahihi ambao mkono wa nyama hauwezi. Kwenye mechi ya mwisho, ya moja kwa moja, walipoilazimisha kutumia kamera kama sisi, MaNa kutoka Poland aliipiga. Baadaye mwaka huo walirudi na toleo lililobanwa zaidi, na lilifika daraja la juu kabisa la wachezaji, kwa hivyo siwezi kusema haikuwa na akili. Nasema tu kwamba kilichowatisha watu mara ya kwanza kilikuwa vidole ambavyo hata haikuwa navyo.

Bei nayo. Hapa madogo wasikie, kwa sababu wananiuliza kila wiki kama waache shule wawe mapro, na wanadhani mimi nikiwa niliacha chuo nitawaambia ndiyo. Wale wachezaji wa Korea waliishi pamoja nyumba za timu, wakifanya mazoezi masaa kumi na zaidi kwa siku. Wakifika miaka ya ishirini na kitu, jeshi linawaita, kwa sheria. BoxeR mwenyewe alienda, na jeshi la anga likawa na timu yake ya StarCraft, inaitwa ACE, ndiyo vijana wasipoteze mkono wakiwa kwa sare. Halafu 2010 ikaja kashfa ya beti: wachezaji wakiwemo majina makubwa walipatikana wakiuza mechi, na KeSPA ikawafungia maisha. 2016 ligi ya timu ikafungwa. Hiyo ndiyo nchi iliyofanikiwa zaidi duniani kwa hii kitu.

Kwani watazamaji walienda wapi? Walienda kwa mtoto wa gemu hizo hizo. Warcraft III ya 2002 ilikuja na kifaa cha kutengeneza ramani zako, na mashabiki wakakitumia kutengeneza DotA. Kutoka hapo ndiyo tukapata League of Legends 2009 na Dota 2 2013. Zilitupa kambi, zikatupa wafanyakazi, zikakuachia shujaa mmoja na wenzako wanne. 2021 zawadi za mashindano makubwa ya Dota 2 zilifika dola milioni 40. Watu husema ni kwa sababu ni rahisi. Uongo, Dota ina ugumu wake na ni mbaya sana. Mimi naona sababu ni ya kibinadamu zaidi: ukipoteza Dota, kuna watu wanne wa kulaumu. Ukipoteza StarCraft uko peke yako na kioo. Wengi hawawezi kukaa na hicho kioo kila usiku, na siwalaumu.

Age of Empires II ndiyo inakaa katikati, na moyo wangu uko hapo. Ilitoka 1999. Ensemble Studios ikafungwa 2009, na kwa akili ya kawaida gemu ilikuwa imekufa. Mashabiki wakakataa. Wakatengeneza nyongeza yao wenyewe, na 2013 Microsoft wakaikubali kama toleo rasmi, The Forgotten. 2019 ikaja Definitive Edition. 2022 walicheza mashindano ndani ya kasri la Heidelberg, Ujerumani, watu wakipigania makasri kwenye skrini wakiwa ndani ya kasri la mawe. Buda, hiyo ni raha.

Kwa nini ilifufuka? Moja, mtu asiyejua gemu anaelewa anachokiona. Mkuki unashinda farasi. Kondoo ni chakula. Ukuta ni ukuta. Nimewahi kumweka shosho mbele ya mechi na baada ya dakika tano alikuwa anauliza mbona huyu kijana anaacha kondoo wake waende. Jaribu kumweleza shosho huyo huyo Zerg ni nini. Mbili, na hii ni muhimu kwa ustadi, ramani inaundwa upya kila mechi. StarCraft ramani ni zile zile, unazikariri hadi jiwe la mwisho, na anayekariri masaa mengi zaidi ana faida. Kwa Age hujui dhahabu iko wapi hadi umtume mpelelezi. Anayefanya kazi mchana na kucheza usiku saa moja bado ana nafasi, kwa sababu sehemu ya mtihani ni mpya kwa wote wawili.

Tena mimi nacheza kwa laptopu ya eksi-UK, seva ziko Ulaya, na intaneti ya nyumba inajua kusinzia. Age inanivumilia. StarCraft II nikichelewa hata kidogo jeshi limeisha.

Civilization sitaiongelea sana kwa upande wa ustadi, na mashabiki wake mnisamehe. Kiwango chake cha juu, Deity, hakifanyi kompyuta iwe na akili zaidi. Kinaipatia vitu vya bure mwanzoni. Unajifunza kumshinda mjinga tajiri. (Tunao wengi, ni mazoezi mazuri.) Lakini kwa mvuto, manze, hii gemu ni uchawi. Zamu moja tu, halafu unasikia muadhini wa alfajiri. Na sisi tuna deni nayo la ajabu: Civilization IV ya 2005 inafunguka na "Baba Yetu" ya Christopher Tin, kwa Kiswahili, na 2011 wimbo huo ukawa wa kwanza kutoka kwa gemu kushinda Grammy. Kumbe lugha ilifika kabla yetu. Kwa Civilization VI Zanzibar iko, ni mji wa pembeni, ukiushika unapata karafuu na mdalasini. Kilwa Kisiwani iko pia, jengo la ajabu ambalo yeyote anaweza kulijenga, hata Mjerumani. Sisi wenyewe kucheza kama Waswahili, hapana.

Kwa hivyo dogo akiniuliza aanze na gani, simpeleki StarCraft. Namwambia Age. Unaanza na wanakijiji watatu na chakula 200. Mwanakijiji mmoja ni chakula 50 na sekunde 25. Jenga nyumba na mbao 25 mara moja, la sivyo watu hawaongezeki. Halafu wiki nzima usijali vita hata kidogo. Angalia tu lile jengo kuu la Town Center lisikae bure hata mara moja. Ukiweza dakika kumi bila kulisahau, nitafute tucheze.