Dakika sita za Jenna na Sharmell

Najua nimepotea, test zilinibana na umeme wa hosteli ulikuwa unakuja ukitaka. Leo sina stori za boom wala za supu. Leo ni historia, ila sio ile ya Majimaji na Mkutano wa Berlin mliyozoea kunisikia nikiihubiri. Ni historia ya mieleka. Ndiyo, mieleka, msicheke.

Ilianza hivi. Juzi usiku roommate wangu kaja na simu, tukabanana watu wanne kitanda cha chini kuangalia pambano la kina dada ambalo wapenzi wa mieleka hulitaja ukiwauliza lipi bovu kuliko yote. Jenna Morasca na Sharmell, tarehe 19 Julai 2009, Orlando kule Florida, kwenye onyesho la Victory Road la kampuni ya TNA. Tulicheka mpaka chumba cha pili wakagonga ukuta. Asubuhi, upepo wa Singida unapiga madirisha na mimi sina kipindi mpaka saa nne, nikaliangalia tena peke yangu. Mara ya pili kicheko hakikuja.

Kwanza tuelewane kuhusu mieleka ya kulipwa, maana kila nikiitaja kuna mtu anaruka "ile si uongo tu!" Mshindi anapangwa, kweli. Lakini mwili haupangwi. Ukiona mtu kanyanyuliwa juu ya kichwa cha mwenzake, ujue na yeye karuka, kajisaidia nusu ya safari. Na kazi kubwa zaidi iko kwenye kuanguka. Unakunja kidevu kifuani ili kisogo kisigonge, unatua na mgongo wote kwa pamoja, mikono inapiga chini ili kishindo kisambae. Hapo unafundishwa kuanguka mamia ya mara kabla hujafundishwa kumwangusha mtu. Anayepigwa ndiye anayelifanya pigo lionekane pigo. Kwa hiyo ukiwaweka ulingoni watu wawili ambao hawajui kuanguka, hakuna wa kumwokoa mwenzake.

Sasa hao wawili walikuwa kina nani? Jenna hakuwa mwanamieleka kabisa. Alikuwa mwanamitindo, na alijulikana Marekani kwa kushinda shindano la televisheni la Survivor mwaka 2003, lile lililorekodiwa Amazon, akaondoka na dola milioni 1. (Mpenzi wake wa miaka ile, Ethan Zohn, naye alishinda Survivor yake, na ile ilirekodiwa hapo jirani tu, hifadhi ya Shaba, Kenya.) Sharmell alikuwa Miss Black America wa 1991, mcheza dansi, na mke wa mwanamieleka Booker T. Miaka mingi kazi yake ilikuwa kumsindikiza mtu ulingoni na kuongea kwenye kipaza sauti, na kazi hiyo aliiweza sana. WWE walimwita Queen Sharmell na alikaa kimalkia kweli. Kuwepo pembeni ya ulingo alikuweza. Ndani ya ulingo ni habari nyingine.

Mwaka 2009 TNA walikuwa na kundi la wakongwe linaitwa Main Event Mafia: Kurt Angle, Sting, Kevin Nash, Scott Steiner na huyo Booker T. Jenna akaingizwa kwenye hadithi kama tajiri mwenye pesa za kundi, Sharmell akaonekana kukerwa, maneno yakawa mengi, basi waandishi wa hadithi wakaona dawa ni wapigane. Tena sio kwenye kipindi cha kila wiki, la, kwenye onyesho la kulipia.

Pambano lenyewe halikufika hata dakika 6. Kuvutana nywele, kugaragara, makofi yanayoishia hewani, mtu anaanguka kabla hajaguswa, mwingine anaguswa halafu anajiuliza aanguke au asianguke. Watu ukumbini wakaanza kuzomea. Jenna akashinda. Mwisho wa mwaka wasomaji wa jarida la Wrestling Observer, ambao kila mwaka hupigia kura mazuri na mabaya, wakalichagua kuwa pambano bovu la 2009. Na toka hapo majina ya hao wanawake wawili yakabandikwa pale. Wao, sio ya aliyeandika ratiba.

Lakini wadau, mara ya pili macho yangu hayakukaa kwa Jenna wala Sharmell. Yalikaa kwa mtu aliyesimama nje ya kamba. Awesome Kong! Jina lake Kia Stevens, Mmarekani mweusi, mwanamke mwenye mwili mkubwa na macho ya kukufanya urudishe pesa ya watu. Huyu alikwenda kuipikwa Japani, ambako mieleka ya wanawake kwa miaka mingi ilichukuliwa kwa uzito ambao Marekani hawakuwa nao, akachukua mikanda huko. TNA walipoanzisha mkanda wa wanawake Oktoba 2007, Gail Kim ndiye aliyeushinda wa kwanza, na Januari 2008 Kong akamnyang'anya. Mapambano ya hao wawili nimeyaangalia juzi hiyohiyo, na yalikuwa kati ya vitu vilivyowavutia sana watazamaji wa TNA wakati ule, wanaume wote wakiwemo. Ukimwona Gail Kim anavyopaa, na Kong anavyompokea, utaelewa ninachosema kuhusu kuanguka.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, mtu huyo kafanywa msindikizaji. Anayejua kasimama nje, wasiojua wamesukumwa ndani. Na usiku uleule Angelina Love na Tara, watu wa kazi hasa, walipigania mkanda wa wanawake. Kwa hiyo sitakubali anayesema TNA hawakuwa na wanawake wanaojua. Walikuwa nao kibao.

Na mchezo huu una historia yake. Tarehe 8 Julai 2002, WWE walimweka Jackie Gayda moja kwa moja kwenye televisheni ya taifa zima, mjini Philadelphia. Alikuwa ametoka kushinda shindano lao la kutafuta wanamieleka, Tough Enough, mafunzo ya miezi michache tu. Trish Stratus akaruka toka kwenye kamba kumwangusha, Jackie akachelewa kuanguka, na mpaka leo watu wanaliita "lile pambano la Jackie Gayda". Ulingoni walikuwemo watu wanne, Bradshaw na Christopher Nowinski pia walikuwepo! Jina likabaki la binti mgeni. Halafu 23 Februari 2015, WWE haohao wakawapa wadada wanne pambano la kama sekunde 30. Hapo mashabiki wakachoka, wakajaza mtandao wakidai kina dada wapewe nafasi. Mwaka uliofuata jina la "Divas" likafutwa, na tarehe 7 Aprili 2019 Becky Lynch, Ronda Rousey na Charlotte Flair wakafunga WrestleMania, kwa mara ya kwanza wanawake ndio wa mwisho.

Kwa nini limeniuma? Nitawaambia, ila mkinitania darasani tutagombana. Nikiwa BTP, shule siitaji, mwalimu wa hesabu hakuwepo, nikaambiwa "madam, ingia Form Two uwashike". Masomo yangu ni Kiswahili na Historia, na maandalizi yangu yalikuwa urefu wa korido. Nikaandika swali ubaoni, nikaitafuta eksi dakika arobaini sikuiona. Watoto walicheka, haki yao. Nikabatizwa Madam Eksi mpaka siku naondoka. Ofisini hakuna aliyeulizwa nani alinituma.

Kwa hiyo nikimwona Jenna kasimama katikati ya ulingo, anasubiri kukumbuka kinachofuata, namjua yule mtu. Ongeza kwamba mwaka uleule wa 2009 Ethan aligunduliwa na saratani. Sisemi ndio sababu, pambano lilikuwa bovu na lingekuwa bovu tu. Nasema kwamba kwenye zile dakika sita kulikuwa na binadamu wawili waliokubali kazi waliyopewa.

Kong aliondoka TNA 2010. Toka 2017 akaigiza kwenye tamthilia ya GLOW, ya wanawake wanamieleka, na 2021 kampuni hiyohiyo iliyomsimamisha nje ya kamba ikamwingiza kwenye orodha yake ya magwiji. Gail Kim alitangulia 2016, mwanamke wa kwanza.

Halafu kwa wale mtakaosema haya ni ya Wazungu, tafuteni Soft Ground Wrestling ya Mukono, Uganda. Video zao zilisambaa 2023. Ulingo wao ulikuwa wa tope, hawakuwa na wa kununua, na kuna wasichana mle wanaruka na kutua kwenye tope kwa mgongo wote, kidevu kimekunjwa. Nilirudisha nyuma mara tatu kuhakikisha.

Roommate anataka kuangalia la Kong na Gail Kim usiku huu, na ananiomba bando. Nimemwambia zamu yake.