Wanawake Waliojijengea: Habari za Mabikira Waalimu wa Buddu

Katika lugha ya Kiganda liko neno *nakyeyombekedde*, maana yake mwanamke aliyejijengea mwenyewe. Si neno la sifa. Huitwa hivyo mwanamke asiye na mume, aliyetoka kwa baba yake wala asiingie kwa mtu mwingine, bali akasimamisha nguzo zake akakaa peke yake. Alitamkaye neno hili mara nyingi hukunja uso. Twalileta mbele ya wasomaji kwa sababu mwanzoni mwa karne ya 20, katika nchi ya Buddu iliyo magharibi ya Ziwa Viktoria, walitokea wanawake waliofanya jambo linalofanana sana na hilo, yaani walikataa kuolewa, wakakaa katika nyumba zao, wakalima mashamba yao, kisha wakafundisha. Nao hawakuitwa kwa neno lile la dharau. Waliitwa Bannabikira.

Sisi tukaao upande wa Same, kati ya milima ya Upare na bwawa la Nyumba ya Mungu, hatuhitaji mkalimani mkubwa ili kufahamu uzito wa jambo hili. Kwa desturi ya Upare ardhi hufuata ukoo wa baba. Binti hulima shamba la wazazi wake mpaka aolewe, na akiisha kuolewa hulima la mumewe. Na maji ya ndiva nayo huwaendea wenye mashamba. Basi binti akisema hataki mume, swali la kwanza atakaloulizwa si la moyo, ni la jembe: Utalima wapi? Wengi walioandika habari za masista wa Afrika wameeleza sana habari ya nadhiri, na swali la jembe wameliruka. Sisi twadhani ya kuwa pasipo kulijibu hili la pili, nadhiri yenyewe isingalipata mahali pa kukaa.

Tutazame kwanza desturi ya Waganda. Chakula chao ni ndizi, na shamba la migomba, ambalo wao huliita *lusuku*, ni kazi ya mwanamke. Yeye hupalilia, yeye hukata mkungu, yeye hupika. Lakini mahali pa kupanda hupewa na mume, naye mume hupewa na mkuu wake. Kwa hiyo mwanamke ndiye aliyelisha nchi nzima, lakini mlango wa kuingilia shambani ulikuwa ni ndoa. Aliyekosa mume alilima kwa hisani ya baba au ya kaka yake, na hisani hupungua kadiri miaka inavyozidi.

Walikuwako wanawake waliokuwa na ardhi bila mume, lakini hao walikuwa wa nyumba ya mfalme. Mabinti wa Kabaka walikuwa na vijiji na watumishi wao, na desturi ya kale iliwakataza kuolewa na kuzaa. Hapa pana jambo la ajabu kidogo ambalo hatuwezi kulipita. Mmoja wao, Klara Nalumansi binti Mutesa, alipobatizwa aliivunja desturi hiyo akaolewa kwa ndoa ya Kikristo, na watu wa mji wa mfalme wakachukizwa sana. Kumbe baada ya miaka michache binti za watu wa kawaida waliivunja desturi yao wenyewe kwa njia iliyo kinyume, yaani kwa kukataa kuolewa. Dini ni ile ile moja. Aliyezuiliwa ndoa iliipata, na aliyelazimishwa ndoa aliruhusiwa kuiacha. Wazee wa Buganda waliosema kwamba wageni wanaipindua nchi juu chini hawakukosa sababu.

Mwanzo wa mabikira hao huhesabiwa kwa mwanamke mmoja, Munaku. Alikuwa ndugu yake Noe Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu, aliyeuawa Mityana tarehe 31 Mei 1886 katika mateso ya Mwanga, na ambaye pamoja na wenzake alitangazwa kuwa mtakatifu mwaka 1964. Siku zile za mauaji Munaku alichukuliwa mateka, na aliyemteka alitaka kumfanya mke wake. Alikataa, akastahimili vitisho. Mwishowe Padre Lourdel wa Mapadre Weupe alimkomboa kwa bunduki na risasi zake. Munaku akabatizwa akaitwa Maria Matilda, akaahidi kuishi bila kuolewa, na Bannabikira humtaja kuwa ndiye aliyewatangulia njiani.

Wasomaji waangalie vizuri hali yake siku ile ya kukombolewa. Kaka yake amekufa, nyumba imevunjwa, na mume amekataliwa. Kwa sheria ya nchi mwanamke huyo hana mahali popote. Alikuwa huru, lakini uhuru wake ulikuwa kama wa mtu aliyeshushwa chomboni pwani ya ugenini. Mahali pekee palipobaki kwake ni misheni. Hatusemi kwamba aliahidi ubikira kwa kukosa pa kwenda. Aliyemkataa mtekaji wake akiwa mikononi mwake si mtu wa kusukumwa na njaa. Twasema tu ya kwamba ahadi yake ilihitaji kiwanja.

Kiwanja kilikuja kwa njia ya vita. Mwaka 1892 Wakatoliki walishindwa huko Mengo, wengi wakahamia Buddu, na nchi ile ikawa yao. Padre Henri Streicher alikuwako Villa Maria tangu siku hizo za mwanzo. Mwaka 1897 akawa Askofu, akaliongoza jimbo mpaka 1933, akafa mwaka 1952. Tena, katika Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900, ardhi ilipogawanywa kwa maili, misheni tatu za nchi zilipewa jumla ya maili za mraba 92. Watu wameandika mengi juu ya machifu waliotajirika kwa mapatano hayo. Wachache wamekumbuka ya kuwa kwa njia ile ile lilipatikana shamba ambalo mwanamke asiye na mume angeweza kulilima bila kumwomba mwanamume wa ukoo wake.

Masista Weupe, wa shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1869, walifika Uganda mwaka 1899. Walikuta wasichana na wanawake wazima waliokwisha kuanza kukaa karibu na misheni, na kazi yao ilikuwa ya jembe na chungu. Walilima migomba na kuwapikia vijana wa seminari. Nchi ile iliwatoa mapadre wake wa kwanza, Bazilio Lumu na Viktoro Mukasa, mwaka 1913. Na katika miaka yao ya masomo chakula cha seminari kilitoka katika mikono ya wanawake hao. Hili lafaa kukumbukwa na kila atakayeandika historia ya upadre katika Afrika ya Mashariki.

Katika kundi hilo Askofu Streicher, pamoja na Mama Mechtilde wa Masista Weupe, waliona mwanzo wa shirika. Mwaka 1910 ndio unaohesabiwa kuwa wa kuzaliwa kwake, na makao yao makuu yakawa Bwanda, karibu na Villa Maria. Mwaka 1925 walianza kuongozwa na mkuu wao wenyewe, Mwafrika. Lilikuwa shirika la kwanza la masista Waafrika katika nchi zetu hizi za mashariki.

Jina lao nalo lafaa kuchunguzwa. *Bikira* Waganda wamelichukua kwa Waswahili, nao Waswahili kwa Waarabu. Lakini lile *nna* lililo mbele yake ni la Kiganda hasa, na husikika katika majina mengi ya kike yenye cheo: Nnamasole, mama wa mfalme, Nnaalinnya, binti wa mfalme, Nnaalongo, mama wa pacha. Kwa hiyo neno geni lilivikwa nguo ya kienyeji, tena nguo ya heshima. Mwanamke ambaye jana angaliitwa aliyejijengea, leo ametajwa kwa namna ile wanayotajwa mabinti wa mfalme, ambao nao hawakuolewa na ambao nao walikuwa na ardhi. Hatujui kama waliolichagua jina walilipima hivyo; sikio la Mganda lilisikia.

Sasa tuje kwenye ualimu. Mapadre Weupe walikuwa na kanuni ya kumfundisha mtu miaka minne kabla ya kumbatiza, na kwa kundi la watu wengi kama lile la Buddu kanuni hiyo yataka waalimu wengi mno. Wanawake na watoto walihitaji waalimu wa kike. Mwalimu mwanamume mwenye mke na watoto alitaka mshahara, hata ukiwa mdogo, na vijiji havikuwa na fedha. Mabikira walikaa wawili watatu au zaidi katika nyumba moja, wakilima asubuhi na kufundisha baadaye. Mkungu wa ndizi ndio uliokuwa mshahara wao. Mwanzoni walifundisha katekisimu na kusoma. Baadaye walishika madarasa ya shule, ushonaji, ususi wa mikeka, utunzaji wa wagonjwa. Serikali ilipoanza kudai vyeti vya ualimu, walikuwako tayari wanawake waliokwisha kuzoea kukaa mbele ya watoto miaka mingi.

Lakini tusiipake habari hii mafuta kupita kiasi. Shamba halikuwa la bikira mmoja mmoja, lilikuwa la shirika, na mwanzoni la misheni. Aliyeweka nadhiri ya ufukara hakuweza kuuza wala kurithisha hata mgomba mmoja, na aliyetoka shirikani alitoka mikono mitupu, akarudi kuwa *nakyeyombekedde* kama wengine. Wazazi nao walipoteza mahari na wajukuu, na malalamiko yao hayakuwa ya kipagani tu. Baba wengi waliolalamika walikuwa wamebatizwa.

Ili tuone kwamba jambo hili si la Waganda peke yao, tuvuke bahari. Marekani ilitunga sheria mwaka 1862 ya kuwagawia watu ekari 160 za nchi, nchi ambayo wenyeji wake walikuwa wakifukuzwa, kwa sharti la kukaa na kulima miaka mitano. Aliruhusiwa kila mtu aliyetimiza miaka 21 au aliye mkuu wa nyumba, hata mwanamke, mradi asiwe ameolewa. Mke wa mtu hakupewa. Asiye na mume alipewa. Iko picha mashuhuri iliyopigwa na Solomon Butcher mwaka 1886 katika wilaya ya Custer, Nebraska, ya ndugu wanne wa kike wa jamaa ya Chrisman, wakisimama mbele ya nyumba ya matofali ya udongo wenye majani. Wanawake wengi wa namna hiyo walifundisha shule ili wapate fedha za jembe na mbegu. Huko shamba lilihitaji ualimu, na huko Buddu ualimu ulihitaji shamba. Lakini pande zote mbili mwanamke asiyeolewa alipata kusimama kwa sababu palikuwa na udongo chini ya miguu yake.

Karibu zaidi nasi ni Mbweni ya Unguja. Huko misheni ya Universities' Mission ilinunua shamba likawa makao ya watumwa waliokombolewa, nao wakapewa nyumba na vipande vya kulima. Bibi Caroline Thackeray alifika mwaka 1877, akaiongoza shule ya wasichana mpaka mwaka 1902. Hakuolewa. Alipostaafu hakurudi Uingereza. Alikaa Mbweni katika nyumba yake mwenyewe, iliyokuwa kwanza ya Sir John Kirk, mpaka alipokufa mwaka 1926. Wanafunzi wake wengi walikuwa waalimu, na wengine walivuka kwenda bara mpaka Magila, lakini kwa kawaida waliolewa na vijana wa Kiungani na kufundisha wakiwa wake za waalimu. Tofauti hii yatufunza neno. Mwingereza asiye na mume alikuwa na nyumba, naye akafundisha bila mume. Binti aliyetoka utumwani hakuwa na ukoo wala shamba la baba, na ndoa ndiyo iliyomletea vyote viwili. Na huko kwao Bibi Thackeray mambo hayakuwa wazi zaidi, kwa maana katika sehemu nyingi za Uingereza mwalimu mwanamke aliyeolewa alilazimishwa kuacha kazi, mpaka Sheria ya Elimu ya mwaka 1944 ilipoliondoa zuio hilo.

Kwa nchi yetu ya Tanzania, Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi na kuimiliki, awe ameolewa au asiwe ameolewa. Katika mabonde ya Usangi, Gonja na Suji mashamba bado hugawanywa na wazee wa koo, na mwalimu wa kike apangiwaye shule ya mlimani hufika na sanduku lake, akaanza kutafuta chumba. Wazee wanaokumbuka waalimu wa kike wa kwanza wa shule za misheni bado wako. Mwalimu atakayeketi nao kuandika habari hizo asiwaulize tu alifundisha nini na alimfundisha nani. Awaulize pia alilala wapi, alikula nini, na migomba iliyokuwa nyuma ya nyumba yake ilikuwa ya nani.