Saa za Mitumba Zilizopanda Mlima

Sisi tunaoandika programu huichukulia sekunde kama nambari tu inayotoka kwenye seva. Kumbe ina historia! Mwaka 1955, Louis Essen na Jack Parry wa maabara ya taifa ya fizikia, Uingereza, waliunda saa iliyofuata mitetemo ya atomu za sesiamu. Tangu 1967 sekunde moja ni mitetemo 9,192,631,770.

Saa hizo zilikuwa za serikali na maabara kubwa. Zilipoanza kuuzwa kama mitumba, wapenzi wa saa wakazinyakua. Mmoja wao ni Mmarekani Tom Van Baak. Septemba 2005 alipakia saa tatu za HP 5071A kwenye gari la familia, pamoja na betri na watoto wake, akapanda Mlima Rainier. Walikaa huko siku mbili, kama mita 1,340 juu ya kwao.

Jameni, kwa nini? Einstein alisema ukiwa juu zaidi, muda hukimbia zaidi. Hafele na Keating walilipima jambo hilo 1971 kwa kuzungusha saa duniani ndani ya ndege za abiria. Huyu baba alitumia barabara. Aliporudi akazilinganisha na saa zilizobaki nyumbani: zile za mlimani zilikuwa mbele kwa takriban nanosekunde 22, yaani sehemu 22 za sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Ukipiga hesabu ya Einstein unapata karibu hizo hizo.

Mombasa hadi Limuru ni zaidi ya mita 2,000 kwenda juu. Barabara tunayo, saa ndizo sina.