Uibuaji: namba iliyokosekana kwenye hesabu za korona

Tarehe 16 Machi 2020, Ummy Mwalimu, aliyekuwa Waziri wa Afya, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania. Alikuwa Mtanzania aliyetua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro siku moja kabla, akitokea Ubelgiji. Pale uwanjani alipimwa joto la mwili na hakuonekana na homa. Baadaye akajisikia vibaya, akaenda Hospitali ya Mount Meru jijini Arusha, na sampuli yake ikasafirishwa hadi Maabara ya Taifa, Dar es Salaam. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule.

Kwa hiyo mgonjwa yule alipotangazwa, idadi rasmi ya wagonjwa nchini ilikuwa 1. Mkazi wa Arusha aliyetaka kujua kama apande kifodi, yaani daladala, cha kwenda Usa River, au aende gulio la Tengeru, alikuwa na namba hiyo moja tu ya kumsaidia. Ilikuwa namba ya kweli, ila haikujibu alichouliza. Mgonjwa yule alijulikana kwa sababu alisafiri, aliugua, alikwenda hospitali, na daktari alikuwa na sababu ya kushuku. Mtu mwingine ambaye alipungukiwa na sharti moja tu kati ya hayo manne angeendelea na shughuli zake bila kuandikwa popote.

Kati ya walioambukizwa na waliotangazwa kuna pengo, na wataalamu wa magonjwa ya mlipuko hulipima. Huuliza: kati ya kila watu 100 walioambukizwa, ni wangapi waliofikiwa, wakapimwa na kuingizwa kwenye hesabu? Jibu la swali hilo ndilo linalofaa kuitwa kwa Kiswahili kiwango cha uibuaji.

Neno lenyewe halikutungwa kwa ajili ya korona. Kwa miaka mingi wahudumu wa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma wamekuwa wakizungumzia “kuibua wagonjwa” na “uibuaji wa wagonjwa wapya”. Ukienda Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, ng'ambo ya tambarare inayotenganisha Meru na Kilimanjaro, utalisikia neno hili kila siku. Wataalamu wa Kibong'oto huwafuata wachimbaji wa tanzanaiti kule Mirerani, wawapime kifua kikuu na madhara ya vumbi la migodini, kwa sababu wanajua kwamba mchimbaji anayekohoa huwa anakwenda kwanza duka la dawa, au kwa mganga wa jadi, au haendi kokote. Ndiyo maana mpango wa kifua kikuu umewashirikisha hata waganga wa jadi na wauza dawa katika kuwaelekeza wanaokohoa kwenda kupimwa. Kuibua ni kukileta juu kilichokuwa kimezama. Kitenzi chenyewe kinakubali kwamba kuna waliobaki chini.

Wapo wanaopendelea “ugunduzi”, lakini ugunduzi umeshazoea kukaa na dawa mpya na gesi ya Mtwara. “Ubainishaji” ni neno zuri la ofisini. Kijijini Nkoaranga halitafika mbali. “Utambuzi” nalo madaktari wanalitumia kwa maana ya kujua mgonjwa aliye mbele yao anaumwa nini, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kujua wangapi hawajafika mbele yao. Uibuaji unashinda kwa sababu unatumika tayari, tena na watu wanaofanya kazi yenyewe.

Kifua kikuu pia kinaonyesha jinsi pengo linavyoweza kuwa kubwa bila mtu kushtuka. Tanzania ilipofanya uchunguzi wake wa kwanza wa kitaifa, uliokamilika 2012, timu ziliwafuata watu katika makazi yao badala ya kuwasubiri hospitalini. Zilikuta wagonjwa wengi kuliko makadirio yaliyokuwa yakitumika. Shirika la Afya Duniani likalazimika kupandisha makadirio ya nchi, na ikaonekana kwamba walioibuliwa na kuanzishiwa dawa walikuwa chini ya nusu ya waliougua. Zahanati zilikuwa zikiwahesabu kwa usahihi wote waliokuja. Tatizo lilikuwa kwa wasiokuja.

Turudi kwenye korona. Tarehe 29 Aprili 2020 Waziri Mkuu alitangaza wagonjwa 480. Taarifa ya Zanzibar ya mwanzoni mwa Mei ikafikisha jumla ya nchi 509, na vifo 21. Tarehe 3 Mei, akiwa Chato, Rais John Magufuli alikuwa amekwisha kusema kwamba sampuli za papai na mbuzi, zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu, zilirudi na majibu ya kuwa na virusi. Takwimu zikanyamaza, na 509 ikabaki kwenye majedwali ya kimataifa kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Mtu aliyekuwa na kalamu angeweza kuigawa 509 kwa watu wapatao milioni 58 wa wakati ule. Angepata mgonjwa mmoja kwa zaidi ya watu 100,000, na kwa Jiji la Arusha, lililohesabiwa watu 617,631 katika sensa ya 2022, wangekuwa watano au sita tangu ugonjwa uingie. Hesabu ya kugawanya haina kosa. Kilichokosekana ni kiwango cha uibuaji, na nchi isiyotangaza vipimo haina namna ya kukikadiria kutokana na takwimu zake yenyewe.

Jirani alikuwa na namna. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, kituo cha Kilifi, walichukua damu iliyokuwa imekwisha kutolewa na wachangiaji 3,098 nchini Kenya kati ya Aprili na Juni 2020, wakatafuta kingamwili, yaani alama ambayo mwili hubaki nayo baada ya kukutana na virusi. Walizikuta kwa watu 174. Baada ya kurekebisha kwa umri, mahali na udhaifu wa kipimo, walikadiria asilimia 4.3 kwa nchi nzima: Mombasa asilimia 8.0, Nairobi 7.3. Kenya ilikuwa imehesabu watu milioni 47.6 katika sensa ya 2019, na asilimia 4.3 ya hao ni karibu milioni 2. Waliotangazwa hadi 31 Julai walikuwa 20,636. Wachangia damu ni watu wazima walio na afya, kwa hiyo hawawakilishi kila Mkenya, lakini hata ukipunguza kwa ukali, kwa kila aliyetangazwa kulikuwa na makumi ambao hawakutangazwa. Na Kenya, tukumbuke, ilikuwa na wizara iliyosimama kila siku kutaja sampuli zilizopimwa na waliokutwa na virusi.

Oktoba 2021 ofisi ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitoa makadirio yake: barani kote, mmoja tu kati ya saba walioambukizwa ndiye aliyeibuliwa.

Sasa chukua mfano, wa kubuni lakini wenye ukubwa unaowezekana. Tuseme katika siku 10 Jiji la Arusha limetangaza wagonjwa 88. Siku 10 ni takriban muda ambao aliyeambukizwa anaweza kumwambukiza mwenzake, ndiyo maana hao ndio wa kuhesabu. Waliotangazwa miezi mitatu nyuma wengi wamekwisha kupona. Ukitumia uibuaji wa mmoja kwa saba, walioambukizwa ni kama 616, yaani mmoja kwa kila wakazi 1,000. Kwenye kifodi chenye abiria 18, uwezekano wa kukaa na angalau mmoja wao haufiki asilimia 2. Kwenye msiba wa waombolezaji 300 unapanda hadi asilimia 26, msiba mmoja kati ya minne. Kinachokuza uwezekano hapo ni idadi ya waliokusanyika, na ndiyo sababu mtu anayeogopa daladala kuliko mazishi anakuwa ameipanga hofu yake kinyume.

Badilisha kitu kimoja tu. Wagonjwa ni wale wale 88, lakini uibuaji uwe mmoja kwa 100, karibu na Kenya ya katikati ya 2020. Walioambukizwa wanakuwa 8,800, mmoja kwa kila watu 70. Kifodi kinafika karibu asilimia 23. Msiba unapita asilimia 98. Kwa maneno mengine, taarifa ile ile ya wizara, iliyosomwa na mtangazaji yule yule saa mbili usiku, inaweza kuwa habari ya kutuliza au ya kutisha, na namba iliyosomwa haikwambii ni ipi.

Hesabu ya namna hii si ya kitabuni tu. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha Georgia Tech, Atlanta, walitengeneza ramani ya Marekani iliyomwezesha mtu kuchagua ukubwa wa mkusanyiko na kuona uwezekano wa kumkuta mwenye virusi humo. Ilimtaka mtumiaji achague pia kama azidishe idadi rasmi mara 5 au mara 10. Uchaguzi huo ndio uibuaji, umewekwa mezani mbele ya kila mtu.

Kumkuta aliyeambukizwa, hata hivyo, si sawa na kuambukizwa. Hapo ndipo yanapoingia mambo ambayo abiria wa 2020 aliyajua vizuri: barakoa, dirisha lililo wazi, safari ndefu au fupi, na ile amri ya “level seat”, yaani asisimame abiria yeyote, iliyowafanya makondakta walalamike.

Pale ambapo kiwango cha uibuaji hakitangazwi, msomaji makini anaweza kukinusa. Tarehe 28 Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alisema nchi ina wagonjwa wapatao 100, na kwamba wapatao 70 kati yao wanapumulia mashine za oksijeni. Wengi waliishika ile 100. Iliyobeba habari ni 70. Makadirio ya mwanzo ya Shirika la Afya Duniani yalikuwa kwamba wanaohitaji oksijeni au uangalizi mahututi ni kama mmoja kati ya watano, na katika nchi ya vijana kama Tanzania wangetarajiwa kuwa wachache zaidi. Hesabu ambayo wagonjwa saba kati ya kumi wako kwenye oksijeni ni hesabu ya waliozidiwa hadi wakalazwa. Hao 70 peke yao walihitaji mamia ya walioambukizwa nyuma yao.

Uibuaji usio sawa nao hupotosha kwa namna yake. Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, na kila dereva wa lori aliyefika Namanga akatakiwa kupimwa. Walipimwa kundi zima, basi waliibuliwa wengi, na mara wakaanza kutajwa kama chanzo cha ugonjwa. Mvutano ukazuka kati ya Nairobi na Mkoa wa Arusha juu ya majibu ya nani ni sahihi. Katika kelele hizo hakuna aliyeuliza wauza nyanya wa soko la Kilombero wangekutwa vipi kama nao wangepimwa mmoja mmoja. Dereva alionekana kwa sababu alisimamishwa mpakani.

Si kila ugonjwa unaficha kiasi hicho. Marburg ilipotokea Bukoba, Machi 2023, ilihesabiwa kuwa na wagonjwa tisa, na sita kati yao walifariki. Ugonjwa unaoua kwa kasi hivyo hauachi watu wengi wakitembea sokoni bila dalili, na waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa mmoja mmoja hadi mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Huko idadi rasmi ilikuwa karibu sana na ukweli. Korona ilikuwa kinyume chake, kwa kuwa wengi waliiugua kama mafua na vijana wengi hawakuiugua kabisa.

Kosa la vyombo vya habari vya Kiswahili, pande zote za Namanga, lilikuwa kuandika “maambukizi mapya” kila walipomaanisha wagonjwa wapya waliothibitishwa. Maambukizi mapya hakuna aliyeyahesabu. Yangeweza kukadiriwa tu. Mlipuko mwingine ukija, mhariri aandike “walioibuliwa”, na chini yake aweke mambo matatu: ni wangapi waliopimwa, walipimwa kwa sababu gani, na ni wa siku zipi. Wizara ikikosa kuyatoa, mwandishi ayaulize hadharani, kwa sababu msomaji wa Ngaramtoni, Arusha, anaamua kama aende msibani kwa kutegemea jibu hilo.